Huzuni na Washukiwa Wake

Katika karne ya 19 wanawake wengi wa Uingereza na Marekani walinyoosha nguo kwa pasi ya chuma kitupu, isiyo na nafasi ya mkaa, iliyopashwa moto juu ya jiko. Iliitwa "sad iron". Mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni atashangaa: pasi ihuzunike kwa lipi? Lakini jina halikuwa la utani. "Sad" ilikuwa na maana ya kitu kizito, kilichoshikana, kisicho na uwazi ndani, na mpaka leo kaskazini mwa Uingereza wapo wanaouita hivyo mkate uliogoma kuumuka. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita, neno hilohilo lilimaanisha mtu aliyeshiba mpaka akakinai. Ndugu yake wa Kijerumani, "satt", angali anamaanisha kushiba. Shibe ikazaa uzito, uzito ukazaa umakini, umakini ukaishia kwenye huzuni, na karne kadhaa zikapita bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo.

Tukifundishwa maneno ya Kiingereza ya huzuni, hupangwa kama ngazi. "Sad" ni ya chini, "sorrow" iko juu kidogo, "grief" ni kubwa, "despair" ni ya kileleni. "Gloom" ina giza ndani yake na "melancholy" waachiwe washairi. Kamusi ndogo za shule zimejaa ngazi za namna hiyo. Si uongo, ila zinaficha jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kipimo. Kila mojawapo ya maneno haya lina mshukiwa wake. Linadokeza, chini kwa chini, ni nini kimeileta hali hii: mwizi, nyongo, hewa, mtu fulani, au hakuna yeyote. Na mshukiwa akishatajwa, nusu ya dawa imekwisha kuamuliwa kabla mgonjwa hajafumbua kinywa.

Chukua "bereaved", neno wanaloitwa waliofiwa. Kitenzi chake cha kale kilimaanisha kunyang'anya, na kina ukoo mmoja na "rob", kuiba. Mwingereza aliyeondokewa na mwenzi wake ni mtu aliyeporwa. Sisi hapo hatuna mwizi, tuna sarufi. Tunakichukua kitenzi "kufa", ambacho hakina wa kumtenda, tunakipa kauli ya kutendea kikawa "kufia", kisha tunakigeuza "kufiwa". Amefiwa na mama yake: mama ndiye aliyekufa, lakini tendo limemwangukia mtoto. Maiti ni mmoja na kifo ni cha watu wawili. Sijui namna nyingine fupi kuliko hiyo ya kusema kwamba mauti ya mtu hayaishii kwake. Anayehudhuria matanga na kuandika jina lake kwenye daftari la rambirambi anatumia falsafa nzito bila kujua, na pengine ni vizuri asijue.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema kuwa hayo ni mifupa ya maneno. Mwingereza wa leo akisema "bereaved" hasikii mwizi wala unyang'anyi, kama nasi tusivyosikia kauli ya kutendewa tunapompa mtu pole. Kwa sehemu ana haki. Yapo maneno ambayo mshukiwa wake amekufa kabisa. "Dreary", linalosemwa kuhusu siku ya mvua isiyokatika au kazi ya kuchosha, lilitokana na neno la damu inayochuruzika. Hakuna damu tena ndani yake. "Dismal" ilikuwa orodha ya siku mbaya katika kalenda za Ulaya ya kale, siku mbili kila mwezi, 24 kwa mwaka, ambazo haikufaa kuanza safari wala kutoa damu kwa tiba. Mzee wa Lamu au Unguja anayetazama siku za nuhusi kabla ya kutia merikebu majini angeielewa kalenda hiyo bila mkalimani. Lakini Mwingereza anayeiita chai yake "dismal" hana habari na falaki. Basi tuyaache hayo mawili makaburini. Hoja yangu inahusu yale ambayo mshukiwa wake yu hai, au alikuwa hai muda mrefu kiasi cha kuwabadilisha watu waliomwamini.

Hapo hakuna neno linalolifikia "melancholy". Asili yake ni Kigiriki, nyongo nyeusi, mojawapo ya vimiminika vinne ambavyo matabibu waliomfuata Hippocrates, na baadaye Galen, waliamini kwamba vinatawala mwili. Nyongo hiyo ikizidi, mtu anakuwa mwoga, mpweke, mwenye ndoto mbaya na mawazo yasiyotulia. Mshukiwa basi yumo mwilini. Hajatoka kwa majirani, hajatoka kwa Shetani, na dawa yake ni ya mwili pia: chakula fulani, kutolewa damu, usingizi, kubadili hewa. Mafundisho hayo yalidumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, tena yalipita mikononi mwa matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu kabla ya kurudi Ulaya. Yeyote aliyewasikia wazee wa pwani wakizungumzia vyakula vya moto na vya baridi anazijua chembe zake.

Mwaka 1621 Robert Burton, msomi wa chuo cha Christ Church huko Oxford, alitoa kitabu kiitwacho The Anatomy of Melancholy. Kilikuwa kikubwa toka mwanzo, naye aliendelea kukiongeza toleo baada ya toleo mpaka kifo chake mwaka 1640. Alikiri mwenyewe kwamba anaandika kuhusu melankolia ili asipate nafasi ya kuugua melankolia. Humo anamtuhumu kila mtu: nyota, uvivu, mapenzi, umaskini, vitabu, kabichi, nyama ya sungura, dini iliyozidi na dini iliyopungua. Ukikisoma kwa muda unaanza kuona kwamba mshukiwa akiwa ni kila kitu, hayupo tena. Hata hivyo Burton hakupoteza njia kabisa. Mwishoni anamwachia msomaji ushauri mfupi, kwamba asikae peke yake na asikae bure. Baada ya kurasa zote zile, bibi yeyote wa Kiswahili angemwambia hivyo kwa bei nafuu zaidi.

Lakini "melancholy" ilikuwa na jambo jingine, na hili ndilo linaloifanya iwe neno la hatari kidogo. Ilikuwa na heshima. Toka zamani kulikuwa na dhana kwamba wenye nyongo nyeusi ndio wenye akili nyingi, na msanii Albrecht Dürer alipochonga picha yake maarufu ya mwaka 1514 alimchora mwanamke mwenye mabawa, amejishika shavu, vifaa vya hesabu na ujenzi vimetapakaa miguuni pake. Huzuni ikapandishwa cheo. Karne mbili baadaye daktari George Cheyne, Mskoti aliyekuwa akitibu wakubwa mjini Bath na ambaye mwenyewe alikuwa mnene kupindukia, aliandika kitabu cha 1733 akiiita hali hiyo maradhi ya Kiingereza. Wageni walikuwa wakiwacheka Waingereza kwa ajili yake. Cheyne akaligeuza tusi kuwa sifa: tunaugua hivi, alidai, kwa sababu ya unyevu wa hewa yetu, utajiri wetu, vyakula vyetu vizito, miji yetu mikubwa na kazi za kukaa. Maana yake ni kwamba mkulima wa kijijini hakuwa na mali ya kutosha kuwa na melankolia. Kijakazi aliyesimama kimya dirishani angeitwa mvivu au mwenye kiburi. Bwana wake akisimama dirisha hilohilo, kimya kilekile, angeitwa mtu wa tafakuri. Nadhani maneno ya huzuni katika kila lugha yana ubaguzi wa aina hii mahali fulani, na anayetaka kuujua afuatilie tu ni nani asiyepewa neno zuri.

Samuel Johnson aliwajua vizuri watu wa namna zote mbili, na hali hiyo aliijua kuliko wao. Alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, akayafasiri maneno haya yote moja baada ya jingine kwa mkono wake. Alipowaandikia rafiki zake barua kuhusu huzuni iliyokuwa ikimwandama mwenyewe, hata hivyo, aliyaacha kabatini akaiita mbwa mweusi. Winston Churchill naye alikuja kulitumia jina hilo.

"Gloom" ilianzia usoni. Zamani ilikuwa kitenzi cha kukunja uso, kununa. Baadaye, karibu na zama za mshairi John Milton, ikapanda mawinguni ikawa giza la mahali, kisha ikashuka tena moyoni ikiwa na unyevu wa huko ilikotoka. Ndiyo maana "gloom" inaweza kujaza nyumba. Unaweza kuingia ndani yake na kutoka, kama vile mtu anavyoingia chumba ambacho madirisha hayajafunguliwa siku nyingi. "Grief" haiwezi, lazima iwe ya mtu. Kiswahili kilibaki na ule uso. Tunasema amenuna, na hatuishii hapo, tunauliza amemnunia nani, kwa sababu kununa kwetu kuna anayelengwa. Amesawijika, hilo ni tofauti, uso umepoteza nuru na hakuna wa kulaumiwa. Kiingereza kilipoupeleka uso ule angani kilimwondoa mtu aliyenuniwa. Ikabaki hali ya hewa, na nani amewahi kugombana na mawingu?

Kulikuwa na watu, hata hivyo, ambao hawakuwa na anasa ya kuitupia hewa lawama. Waingereza wa karne ya 18 walikuwa wakisema kuhusu mashetani wa buluu, wakimaanisha moyo uliolegea. Huko Marekani watu weusi wa Kusini, watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa, wakaichukua rangi hiyo wakaitia muziki. W. C. Handy alichapisha muziki wa "The Memphis Blues" mwaka 1912, na mwaka 1920 Mamie Smith akarekodi "Crazy Blues" iliyouzwa kwa wingi na kuwafungulia wengine mlango wa studio. Kinachonivutia katika blues ni kwamba mshukiwa anatajwa bila woga: mwanamume aliyeondoka na treni, mafuriko, bosi, kodi ya nyumba. Na huimbwa mbele ya watu, tena watu wanacheza. Anayejua taarabu hahitaji kuelezwa jinsi machungu yanavyoweza kuvaa nguo za sherehe na kumfikia mlengwa aliyeketi safu ya pili.

Sasa tuje kwenye neno lililoyameza mengine yote. "Depression" linatokana na Kilatini cha kukandamiza kuelekea chini. Riwaya nyingi za zamani zilizungumza kuhusu melankolia. Leo mtoto wa sekondari wa Nairobi anasema niko depressed, na mama yake anaelewa. Mwandishi wa Marekani William Styron, aliyeangushwa na maradhi hayo mwaka 1985 na kuyasimulia katika kitabu chake cha 1990, Darkness Visible, alilichukia neno hili kwa moyo wote. Alilalamika kwamba limepooza, halina nguvu inayolingana na mateso yenyewe, na kwamba linatumika vilevile kwa uchumi ulioanguka na kwa shimo ardhini. Lawama akamtupia Adolf Meyer, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Johns Hopkins na kupendekeza neno hilo lichukue nafasi ya lile la kale.

Kiswahili kimelichambua bila fujo. Shinikizo la hewa likishuka, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatutangazia mgandamizo mdogo wa hewa. Uchumi ukishuka tunasikia mdororo. Mtu akishuka, wahudumu wa afya wa Tanzania wamechagua sonona, neno lililokuwepo toka zamani kwa maumivu yanayomla mtu ndani kwa ndani bila yeye kuyasema, na Kenya utasikia pia unyogovu. Nawasifu waliochagua sonona. Lina kitu ambacho neno la Kiingereza halina, yaani kimya cha mwenye kuumia.

Mshukiwa wa "depression" ni nani? Ukilitazama vizuri utaona mtu amekandamizwa na mkandamizaji hayupo. Hilo lina faida kubwa na sitaki kujiunga na wanaoliita ugonjwa wa Wazungu. Kwa kumwondoa mshukiwa, neno hili liliwaondolea wagonjwa tuhuma za uvivu, za kurogwa, za imani haba. Linampa mtu cheti cha kupumzika kazini na dawa zenye kusaidia. Lakini linanyamaza pale ambapo mkandamizaji yupo na ana anwani. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara miezi mitano na mama aliyenyang'anywa kiwanja wanaweza kuwa na dalili zilezile za mgonjwa asiye na sababu, na jina moja likiwafunika wote, yule mwenye kiwanja cha watu analala usingizi.

Wataalamu wenyewe wamehangaika na jambo hili. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, katika toleo la 1994 ulimpa aliyefiwa takriban miezi miwili kabla hajaitwa mgonjwa, isipokuwa dalili zake ziwe za aina nzito. Toleo la 2013 likauondoa msamaha huo. Mwaka 2022 ukaongezwa ugonjwa mpya, wa huzuni ya msiba iliyopitiliza, na muda wake kwa mtu mzima ni mwaka mmoja. Usicheke haraka. Kila jamii huipa huzuni kalenda. Sheria ya Kiislamu inawapa jamaa siku tatu, na mjane asiye na mimba hukaa eda miezi minne na siku kumi. Tofauti ni kwamba siku za eda hazimpimi mjane kama amepona. Zinawaelekeza wengine wamtendee vipi, huku moyo wake ukiachiwa mwenyewe.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein aliwahi kuuliza kwa nini inasikika ajabu kusema kwamba mtu alipata majonzi makubwa kwa sekunde moja tu, wakati maumivu makali ya sekunde moja hayatushangazi. Jibu lake lilikuwa kwamba majonzi ni kama ruwaza inayojirudia katika mfumo wa maisha. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba ruwaza haifumwi na mtu mmoja. Majonzi ya mjane ni pamoja na wanaompikia, mkeka uliotandikwa sebuleni, simu za wasioweza kufika. Mwondolee hao wote na alichobaki nacho kinahitaji jina lingine. Kiswahili kinalo: ukiwa.

Na ikiwa hakuna neno? Robert Levy, Mmarekani aliyesomea tiba ya akili kisha akafanya utafiti huko Tahiti, alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba watu wa huko walikuwa na msamiati mwingi wa hasira na mchache sana wa huzuni. Mtu aliyeachwa na mke aliweza kusema kwamba anajisikia mzito, amechoka, pengine ni mgonjwa, bila kuihusisha hali hiyo na kuondoka kwa mke. Mshukiwa akawa mwili. Hatuko mbali nao kama tunavyodhani. Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa kuwa "ana mawazo", na hapo tumeshatuhumu: ana jambo linalomsumbua, ada, deni, ndoa. Mgonjwa anayesema hana jambo lolote ila tu hawezi kuamka kitandani anatushinda, kwa kuwa neno letu linadai jambo.

Baadhi ya zahanati na hospitali za Afrika Mashariki sasa hutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, lililotungwa Marekani na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Linauliza kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la pili kwa Kiingereza limebeba maneno matatu kwa mkupuo: "down", "depressed" na "hopeless". La kwanza ni la mahali, la pili ni la kukandamizwa, la tatu linasema tu kwamba kitu fulani hakipo. Yote matatu hayana mtendaji. Hilo la tatu ukilitafsiri kwa njia ya kawaida utapata "kukata tamaa", na hapo mtendaji amerudi: ni mgonjwa mwenyewe, ameshika kisu. Zamani Kiingereza nacho kilijua hivyo, kwa sababu Kanisa la Ulaya liliihesabu "despair" kuwa dhambi, lakini "hopeless" ya leo imeoshwa. Yetu haijaoshwa. Kwa Mwislamu, kukata tamaa na rehema ya Mungu kumekatazwa ndani ya Kurani, sura ya 39, na mahubiri ya makanisani hayako mbali na hapo. Kwa hiyo mama aliyekaa mbele ya muuguzi, asiyelala usingizi, asiyekula, aliyeacha hata kusuka nywele, akiulizwa kama amekata tamaa atajibu kwa haraka, "Astaghafirullah, mwanangu, hapana," na muuguzi ataandika sifuri, maana fomu haina mahali pengine pa kuandika.